Barua ya wazi: Tuambieni manjano haya yamebebwa na nini

Waheshimiwa mnaosimamia afya, kilimo na viwanda nchini Tanzania, nanyi wakuu wa TBS (viwango), TMDA (dawa na vifaa tiba) na COSTECH (sayansi na teknolojia),

Nawaandikia kutoka Muheza kuhusu vidonge vya manjano vinavyouzwa kwa madai kwamba hufyonzwa zaidi mwilini. Mimi ni msagaji wa viungo. Manjano, iliki, mdalasini na pilipili manga vinashuka kwangu kutoka milima ya Amani. Navianika, navisaga, navifunga kwenye pakiti za gramu 50 na gramu 100 na kuvipeleka Tanga mjini na Dar es Salaam. Kabla ya kununua mashine nilisomea teknolojia ya chakula. Nayasema haya mapema ili mjue kwamba nina maslahi katika jambo hili. Manjano yakipendwa, watoto wangu wanasoma.

Mwaka jana shangazi yangu alikuwa katika mwezi wa pili wa dawa za kifua kikuu. Jirani anayepitisha bidhaa za afya nyumba kwa nyumba akamletea kichupa cha vidonge kwa shilingi 120,000. Juu kimeandikwa kwamba ni kurkumini ya nano, yaani kiambata cha manjano kilichofanywa chembe ndogo mno, na chini yake kwamba hufyonzwa mwilini mara nyingi kuliko manjano ya kawaida. Shangazi akatoa pesa ya mahindi, akanunua, akaanza kumeza viwili asubuhi na viwili jioni. Wiki ya tatu macho yake yakawa ya njano, mkojo ukawa kama chai ya rangi. Tulipomfikisha hospitali walisimamisha dawa zote siku hiyo hiyo.

Daktari alimwuliza, "Mama, kuna kitu kingine chochote unachotumia?" Akajibu hakuna. Hakukusudia kudanganya. Kwake manjano ni kitu cha mchuzi, na kitu cha mchuzi hakitajwi hospitali. Mimi ndiye niliyekwenda kukichukua kichupa mvunguni mwa kitanda. Daktari alikigeuza, akakisoma pande zote, akaniambia kwamba dawa za kifua kikuu zenyewe, isoniazidi, rifampisini na pirazinamidi, zinaweza kuumiza ini, kwa hiyo hawezi kusema kama kosa ni la dawa, ni la vidonge, au ni la vyote viwili vilipokutana. Ili aweze hata kukisia alihitaji kujua mambo matatu: kila kidonge kina kurkumini kiasi gani, kurkumini hiyo imefungwa ndani ya nini, na kama imechanganywa na piperini, kiambata cha ukali wa pilipili manga. Kichupa hakikuwa na jibu hata moja. Shangazi alirudishiwa dawa moja moja huku ini likipimwa, na leo ameshamaliza matibabu, alhamdulillahi. Lakini maswali matatu ya daktari yule hayajapata wa kuyajibu, ndiyo maana nayaleta kwenu.

Naomba nieleze kwa nini yana uzito. Kurkumini ndiyo inayoyapa manjano rangi. Wanasayansi wawili, Vogel na Pelletier, waliitenga kwa mara ya kwanza mwaka 1815, na katika unga wa manjano huwa kama asilimia 3 tu ya uzito. Yeyote aliyemwagikiwa na mchuzi kwenye kanga nyeupe anazijua tabia zake bila kuingia maabara. Doa halitoki kwa maji. Ukilipaka sabuni linageuka jekundu. Ukilianika juani linafifia lenyewe. Tabia hizo tatu za doa ndizo shida tatu za tumboni: kurkumini haiyeyuki majini, na utumbo ni mahali pa maji, ikikutana na alkali, kama ile ya sabuni, inabadilika na kuanza kuvunjika, na utumbo mwembamba una alkali kidogo, mwanga na hewa navyo huiharibu hata kabla hujaila. Kile kidogo kinachofanikiwa kupenya ukuta wa utumbo kinapokewa na vimeng'enya vya utumbo na vya ini, vinakibandika asidi ya glukuroni au salfeti, na mwili unakitoa nje kama mgeni asiyealikwa.

Nanoenkapsulesheni imetengenezwa kwa ajili ya kiambata cha mmea chenye tabia kama hizo. Unakifunga ndani ya vifuko vidogo mno vinavyosambaa majini, vinavyokikinga na alkali na hewa, na vinavyofunguka pale tu vinapomeng'enywa. Nanomita ni sehemu moja ya milioni ya milimita; unywele mmoja wa mtu una unene wa nanomita kama 80,000. Vifuko vinavyosemwa hapa huwa nanomita mia moja, mia mbili, au mia kadhaa.

Jambo linalonifurahisha, nami nalisema kwa moyo wote kwa sababu nililisomea nikalipenda, ni kwamba vifuko vizuri kabisa tunavyo jikoni. Maziwa ya ng'ombe yamejaa vifuko vya nano vya asili. Protini yake kuu, kaseini, hujikusanya kuwa chembe za nanomita mia na kitu, na kazi yake tangu hapo ni kumbebea ndama kalisi ambayo peke yake ingeganda na kutuama. Mwaka 2014 watafiti huko Marekani walionyesha njia ya kuipakiza kaseini mzigo wa kurkumini bila kemikali kali ya kuyeyushia na bila mashine ya mamilioni. Unaviyeyusha vyote viwili kwenye maji yenye alkali kali, katika joto la kawaida la chumba, kwa muda mfupi ili kurkumini isiharibike. Mchanganyiko unakuwa mwekundu kama lile doa la kanga. Kisha unaurudisha taratibu kwa asidi mpaka alkali iishe. Rangi ya njano inarudi, kaseini inajikunja, na kurkumini isiyopenda maji inajificha ndani ya mikunjo hiyo. Mara ya kwanza kuliona jambo hilo kwenye bika nilikuwa mwanafunzi, na nilimwita kila aliyekuwa kwenye maabara aje aangalie.

Mahindi nayo yana protini iitwayo zeini. Haiyeyuki kwenye maji bali kwenye pombe ya asilimia 70 hivi. Ukiiyeyusha humo pamoja na kiambata chako kisha ukaimimina kwenye maji mengi, inaganda hapo hapo kuwa chembe za nano zenye mzigo ndani. Nchi inayokula ugali asubuhi, mchana na jioni ingepaswa kuwa na mabingwa wa zeini. Kuna pia gundi inayotoka kwenye migunga ya nyanda kavu, ambayo viwanda vya dunia vinaitumia kukaushia mafuta ya viungo kuwa unga. Na kuna tui la nazi. Hapa nataka niwe mkweli, maana nimeona watu wakiandika kwamba mchuzi wa nazi wa bibi zetu ulikuwa nano. Haukuwa nano. Matone ya mafuta kwenye tui ni makubwa kuliko hayo mara nyingi sana. Yanachofanya ni kitu kingine, nacho ni kizuri: mafuta yale yakifika utumboni yanameng'enywa, yanachanganyika na nyongo, na hapo mwili wenyewe unaunda vifuko vya nanomita chache vinavyobeba viambata vinavyopenda mafuta. Profesa David Julian McClements wa Chuo Kikuu cha Massachusetts ameandika kwa miaka mingi juu ya chakula kilichopangwa makusudi ili kiamshe kazi hiyo, hata kama chenyewe hakina dawa yoyote. Kwa hiyo chungu kinasaidia. Ila kinasaidia kwa kipimo cha chungu.

Njia ya pili ya kuongeza ufyonzwaji haina kifuko kabisa, nayo ndiyo inayoninyima usingizi. Mwaka 1998 watafiti wa Bangalore, India, waliwapa watu gramu 2 za kurkumini peke yake, na kwenye damu haikuonekana au ilionekana kwa shida. Walipoongeza miligramu 20 za piperini, ufyonzwaji ulipanda kwa asilimia 2,000. Hesabu hiyo imezunguka dunia nzima na imeandikwa kwenye vichupa vingi. Kisichoandikwa ni namna inavyotokea. Piperini haiibebi kurkumini. Inawafunga mikono walinzi, yaani vile vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyotoa wageni nje. Na walinzi hao hawakuajiriwa kwa ajili ya kurkumini pekee. Tafiti za watu zimeonyesha piperini ikipandisha kwenye damu kiwango cha fenitoini, dawa ya kifafa, na cha nevirapini, iliyotumiwa na wagonjwa wengi wa Ukimwi. India walifika mbali zaidi wakaitumia piperini makusudi ndani ya kidonge cha rifampisini ili dozi ndogo ifanye kazi ya dozi kubwa. Sasa mfikirieni mgonjwa wa Handeni au Kilwa anayemeza dawa zake kila siku kwa uaminifu, dozi ikiwa imepangwa na daktari kwa kuamini kwamba walinzi wako kazini, kisha mtu anamwuzia kitu kinachowafunga mikono na kumwambia ni chakula tu.

Gramu 2 za kurkumini, kwa wasiosaga manjano, zimo kwenye gramu kama 65 za unga, yaani zaidi ya vijiko vya chai ishirini. Hakuna mchuzi unaotiwa kiasi hicho. Kidonge kinacholeta kiasi hicho, halafu kikafanya kifyonzwe kuliko maumbile yalivyokusudia, kimeshatoka kwenye mlango wa jikoni.

Nchi nyingine zimeshalipa gharama ya kulijua hilo. Italia ilipata wagonjwa wa ini waliohusishwa na vidonge vya manjano mwaka 2019, na Wizara ya Afya yao ikaagiza onyo liwekwe kwenye vifungashio. Marekani, mwaka 2022, mtandao wa madaktari wanaofuatilia maini yaliyoumizwa na dawa ulieleza wagonjwa 10 waliohusishwa na manjano: 5 walilazwa, mmoja alifariki. Bidhaa 7 zilizopimwa zote zilikuwa na manjano kweli, na 3 zilikuwa na piperini. Wagonjwa 7 walikuwa na alama moja ya kurithi inayoonyesha kwamba si kila mwili uko hatarini sawa. Mamlaka ya dawa ya Australia ilitoa tahadhari yake mwaka 2023. Siyasemi haya ili watu waogope pilau. Manjano ya chungu yameliwa pwani hii vizazi na vizazi, na nitaendelea kuyasaga. Nazungumzia kitu kilichobadilishwa makusudi ili kiingie zaidi.

Mwaka 2019 usimamizi wa chakula ulihamia TBS, na iliyokuwa mamlaka ya chakula na dawa, TFDA, ikawa TMDA yenye dawa na vifaa tiba. Kidonge cha shangazi kinasimama kizingitini kati ya nyumba hizo mbili. Kikiulizwa na wa dawa kinasema mimi ni chakula. Sokoni, kwa mteja, kinajiuza kama dawa. Naomba mkae pamoja mkubaliane neno moja: anayedai kwamba bidhaa yake inafyonzwa zaidi awajibike kwa dai hilo kama anavyowajibika mwenye dawa. Alete vipimo vya damu za watu. Na vipimo hivyo vitenganishe kurkumini iliyo huru na ile ambayo ini limeshaifunga tayari kutolewa nje, kwa sababu huo ndio mchezo ulipo: maabara nyingi hutumia kimeng'enya kuivunja ile iliyofungwa, wanahesabu jumla, kisha wanatangaza mara thelathini, mara mia. Mteja anaamini amenunua kitu kinachofanya kazi mara mia. Tena kufika kwenye damu si kuponya. Mwaka 2017 Kathryn Nelson na wenzake, wanakemia wa dawa wa Marekani, walipitia utafiti wa kurkumini, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa watu, na hawakuona hata jaribio moja lililolinganishwa na kidonge bandia, bila mgonjwa wala daktari kujua nani kapewa nini, lililofaulu.

Kwenye kifungashio naomba yaandikwe, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka, yale aliyoyatafuta daktari: miligramu za kiambata kwa kila kidonge, kinachokibeba na ukubwa wake, na piperini kama ipo na ni kiasi gani. Pawepo na onyo kwa mwenye ugonjwa wa ini na kwa anayetumia dawa za kifua kikuu, Ukimwi au kifafa. Umoja wa Ulaya tangu Desemba 2014 unadai neno nano liandikwe ubavuni mwa kiungo kilichotengenezwa kwa ukubwa huo. Kwetu naona neno peke yake halitoshi, kwa sababu hapa linatumika kuvutia mteja. Kilicho muhimu ni kusema kifuko kimeshonwa kwa kitu gani. Chembe za kaseini au zeini mwili unazijua, unazimeng'enya. Chembe za madini ni habari nyingine: titani dioksidi, rangi nyeupe ya peremende, ilitumika miaka mingi hadi mwaka 2021 wataalamu wa chakula wa Ulaya waliposema hawawezi tena kuihesabu kuwa salama, na mwaka uliofuata ikapigwa marufuku kwenye chakula. Kuziweka zote chini ya neno moja ni kumfumba macho mnunuzi.

Kuhusu anayesaga na kufunga kama mimi, msituache nje. Bangladesh waligundua mwaka 2019 kwamba asilimia 47 ya sampuli za manjano sokoni zilikuwa na risasi, madini yenye sumu, kwa sababu wafanyabiashara waliyang'arisha kwa rangi ya kromati ya risasi. Serikali ikaingia masokoni na vipimo vya mkononi, ikatoza faini, ikatangaza redioni na magazetini, na kufikia 2021 haikupatikana hata sampuli moja. Njooni mashineni kwangu na vipimo hivyo wakati wowote, bila taarifa.

Sasa kwenu COSTECH, na wenzetu wa vyuo vya Sokoine, Muhimbili na Taasisi ya Nelson Mandela kule Arusha. Mimi nauza manjano, na nawaomba msianze na manjano. Mkipata fedha ya kufungia viambata vya mimea kwa vyakula vyetu, anzeni na beta-karotini ya viazi lishe, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Hapo hatubahatishi kama kiambata kina faida. Upofu unaotokana na ukosefu wa vitamini A tunaujua kwa majina ya watoto. Wataalamu wa Marekani walikadiria mwaka 2001 kwamba mwili unahitaji mikrogramu 12 za beta-karotini iliyomo kwenye chakula cha kawaida ili upate mikrogramu 1 ya vitamini A. Ikiwa imeyeyushwa kwenye mafuta, 2 zinatosha. Mara sita! Pengo hilo lote ni la ubebaji. Mmea ni ule ule, mtoto ni yule yule. Robert Mwanga wa Uganda na wenzake walipata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2016 kwa kazi iliyohusu viazi hivyo, lakini mkulima akivikausha na kuvihifadhi, utafiti uliofanyika huko huko Uganda umeonyesha kwamba miezi minne ya ghalani kwenye joto la kawaida inatosha kula zaidi ya nusu ya karotini. Hewa inaila. Kifuko cha kaseini au cha wanga, chenye tone la mawese ya Kigoma ndani, kingeweza kuikinga mpaka unga ufike kwenye uji wa mtoto. Huo ni utafiti wa malighafi zilizopo, unaoweza kufanyika kwa alkali, asidi na maziwa, na mashine ya kukaushia ambayo vyuo vyetu vinaweza kuchangia moja.

Na hata huko, pimeni dozi. Finland, matokeo yaliyotoka mwaka 1994 yalionyesha wavuta sigara waliopewa miligramu 20 za beta-karotini kila siku wakipata saratani ya mapafu zaidi kuliko wasiopewa. Kilichokuwa chema ndani ya kiazi kiligeuka kilipowekwa kwenye kidonge kwa kiasi ambacho hakuna sahani inayokileta. Kwa hiyo unga wa mtoto utengenezwe kwa kulenga mahitaji yake ya siku, usivuke hapo, na Taasisi ya Chakula na Lishe ikae mezani tangu siku ya kwanza badala ya kuitwa mwishoni kubariki.

Nipo tayari kutoa kilo 50 za manjano ya Amani na siku za mashine yangu kwa chuo chochote kitakachotaka kujaribu. Kichupa cha shangazi nacho ninacho, kimo kabatini kwenye mfuko wa karatasi, mbali na jua. Kimebaki na vidonge 17. Nitajieni maabara, nitakileta mwenyewe kipimwe.

Msagaji wa viungo,
Muheza, Tanga